Taa za kuongeza kwenye kamio ya koperative: swichi ya kiwanda itume habari tu, isibebe kazi



Katika mikutano ya mwisho tulikuja kuzungumuza juu ya kukausha mahindi na juu ya magunia, lakini karibu kila pahali mashofere na wenye komite ya usafiri walirudisha mazungumuzo kwenye jambo lingine: taa. Kamio iko moja, mavuno ni ya wote, na barabara ya usiku iko mubaya. Wanataka kufunga taa mbili za kuongeza pale mbele, na wanataka ziwake na swichi ile ile yenye motoka ilitoka nayo kwenye kiwanda, ili shofere asihangaike na vifungo vingi. Mimi ni agronome, siko fundi wa umeme. Kwa hiyo nilienda kukaa na mafundi wa garaji hapa Lubumbashi, nikauliza, nikaangalia kazi yao, nikapima. Haya njo yenye nilipata.

Mutu anaweza kusema: taa na kilimo viko na ujamaa gani? Viko nao. Mahindi yetu yanavunwa tangu mwezi wa 4 mpaka wa 6, na kazi ya kuyapeleka mujini inaangukia kiangazi, wakati vumbi inakuwa nyingi na jua linazama mbele ya saa 12 ya mangaribi. Kupakia kunachukua muchana mzima. Kamio inatoka kijijini jioni ili ifike soko asubuhi. Mwenye kutoka upande wa Kasenga eko na zaidi ya kilometre 200 mbele yake. Mwenye kutoka upande wa Likasi anapishana na makamio makubwa ya mine mustari muzima. Na pembeni ya barabara kuko wale wandugu wa makala, wanasukuma kinga yenye magunia matatu ao mane, bila taa, bila hata kipande cha kitu chenye kungaa. Hao njo wa kwanza wenye nafikiri wakati mutu ananiambia habari ya taa. Kisha nafikiri mahindi yenyewe. Tuliona mwaka 2024, wakati ukame ulipiga Zambia, namna gani bei ya unga ilipanda hapa mujini: mahindi ya mukulima wa Haut-Katanga iko na samani, na kamio yenye kuungua na magunia mia moja ni mwaka wa familia nyingi wenye kupotea kwa nusu saa.

Mbele ya kununua kitu, muangalie taa zenye ziko. Mara mingi ubaya hauko kwamba taa ni chache, ni kwamba zile mbili za kwanza hazifanye kazi vizuri. Plastiki ya mbele imekuwa manjano. Kioo cha ndani kimekuwa cheusi. Ao masi, ule waya wenye kurudi kwenye chuma cha motoka, umekula kutu pale kwenye bulo. Mupime volti pale pale nyuma ya ampule, motere ikizunguka, kisha mupime kwenye batri. Kama batri inaonyesha 13,5 na kwenye ampule munapata 12, basi munapoteza zaidi ya asilimia 30 ya mwangaza. Ndiyo, volti kidogo tu inakula mwangaza mingi. Ampule ya halojeni iko vile. Kusafisha masi na kubadilisha waya wenye kuchoka hakuombi feza nyingi, na pengine kisha hapo hamutahitaji tena taa za kuongeza.

Kuko jambo lingine, na hili naona mashofere wengi hawalijue. Motoka mingi za kwetu zilitengenezwa kwa Japani, usukani uko kuume, na kule wanatembea kushoto kwa barabara. Taa yake ya karibu, ile tunaita kode, haitupi mwangaza sawasawa: inapandisha kidogo upande wa kushoto, juu kwa Japani kushoto njo pembeni, kwenye majani na wenye kutembea kwa miguu. Hapa Congo tunatembea kuume. Kwa hiyo ule mwangaza wenye kupanda unaenda wapi? Unaenda moja kwa moja kwenye macho ya mwenye kuja mbele yetu, hata kama shofere ameweka kode na anafikiri amefanya vizuri. Usimamishe motoka mbele ya ukuta usiku, metre tano hivi, uwashe kode, uangalie pale mwangaza unakatika: utaona ngazi. Kama ngazi inapanda kushoto, hizo taa ni za kule. Dawa ya kweli ni kutafuta taa za upande wetu. Kama feza haiko, muzishushe kidogo na muwe na adabu zaidi. Lakini musiongeze taa zingine zenye nguvu juu ya ubaya ule.

Sasa tuingie kwenye swichi.

Swichi ya kiwanda, ile ya kwenye usukani ao kile kifungo kwenye tableau, ilitengenezwa kwa kazi yenye kiwanda kilihesabu, na hakuna zaidi. Ndani yake kuko vipande vidogo vya shaba vyenye kugusana. Taa mbili za kuongeza za wati 55 kila moja zinafanya wati 110. Ugawanye kwa volti 12: inatoka ampere 9 na kidogo. Ukizipitisha ndani ya swichi ile, pamoja na kuranti ya taa za kwanza yenye inapita mule tayari, vile vipande vinapata moto. Mwezi wa kwanza hauoni kitu. Mwezi wa pili swichi inaanza kuwa na moto ukiigusa. Kisha plastiki inalainika, vipande vinashikana ao vinaachana, na siku moja, kwenye kona, taa zote zinazimika kwa mara moja, za kuongeza na za kiwanda. Njo hapo watu wanakufa. Na swichi nzima ya usukani, kuipata hapa kwetu, ni safari ya kuzunguka maduka siku tatu.

Kwa hiyo swichi haipaswe kubeba kuranti ya taa. Inapaswa kutuma habari tu. Prezida wa koperative anapiga simu kwamba depo ifunguliwe. Hapana yeye mwenyewe anabeba magunia. Mwenye kubeba hapa anaitwa rele: kakisanduku kadogo keusi, ukubwa wa kiberiti, kenye miguu mine ao mitano. Ndani kuko koili, waya muzuri mwembamba wenye kuzungushwa. Ukiipa kuranti kidogo, yenye haifike hata robo ya ampere, inakuwa sumaku na inavuta mulango mukubwa wa shaba. Kupitia mulango ule njo kuranti ya taa inapita, kutoka batri moja kwa moja, bila kugusa swichi.

Miguu ya rele iko na namba, na namba hizo ziko sawa karibu kwenye rele zote, juu zinafuata kanuni moja ya Wajerumani. Mumpe fundi wenu ukurasa huu. Namba 30 inapokea waya munene kutoka batri, lakini kupitia fizible. Namba 87 inatoa waya munene mpaka kwenye taa mbili. Namba 85 na 86 ni za koili, ni pande mbili za ile habari ya swichi. Kama kuko muguu wa tano, 87a, muuache bila kitu. Taa zenyewe zinarudisha kuranti kwenye masi: mukwangue rangi ya chasi mpaka chuma kingae, mukaze bulo, mupake mafuta ya grese. Masi juu ya rangi haiko masi.

Sasa, 85 na 86 zipelekwe wapi? Hapa njo mafundi wawili wenye nilitembelea waligombana mbele yangu, na wote wawili walikuwa na haki. Wa kwanza alisema: kamata waya wa taa ya mbali, ile ya plenfare, ufunge kwa 86, na 85 ipeleke masi. Wa pili alicheka. Alisema: fanya vile kwenye Toyota yangu uone kama itawaka.

Ukweli ni huu. Kwenye motoka mingi za Ulaya, swichi inakata na kufungua upande wa plusi. Masi iko inangojea daima. Hapo njia ya fundi wa kwanza inatembea vizuri. Lakini kwenye motoka mingi za Japani, na Toyota mingi za kazi ziko ndani, ni kinyume: plusi inafika kwenye ampule njo wa kwanza, na swichi inafungua masi. Ukipima waya wa plenfare wakati kode inawaka, utapata volti 12, juu kuranti inapitia ndani ya ampule na kutokea upande mwingine. Fundi anaona 12, anafurahi, anafunga 86 pale. Matokeo: taa za kuongeza zinawaka wakati wa kode na zinazimika wakati wa plenfare. Niliiona kwa macho yangu kwenye kamionete moja. Shofere alikuwa anaitembeza vile miezi mingi, akiwapofusha wote wenye kupishana naye, na anazani rele ni mubovu.

Kuko njia moja yenye inaponyesha ugomvi huu wote, na haiombi kujua motoka ni ya aina gani. Ampule ya kawaida ya taa ya mbele, ile ya miguu mitatu, iko na muguu moja ya wote wawili, moja ya kode, moja ya plenfare. Uache ampule pahali pake, uwashe kode, ukamate multimetre, na upime kati ya miguu miwili miwili. Kisha uweke plenfare, upime tena. Unatafuta miguu miwili yenye wakati wa kode inaonyesha sifuri na wakati wa plenfare inaonyesha volti 12. Ni miwili ile tu. Pale njo unafunga 85 na 86, moja huku, moja kule. Koili ya rele inakuwa kama ampule kadogo kenye kufuatana na plenfare kila wakati: plenfare ikiwaka, inavuta, kode ikirudi, inaachilia. Haijali plusi iko upande gani. Ila muangalie mchoro pembeni ya rele: kama kuko kamushale kadogo kenye mustari mbele, hiyo iko na diode ndani na inajali, mutafute ingine yenye haina, si ngumu kuipata.

Na muongeze swichi ndogo ya pili, katikati ya waya moja ya ile ya koili, ndani ya kabine. Kama tableau yenu iko na pahali pa kifungo cha antibruyari chenye hakikufungwa, kitumieni kile, kinakaa vizuri na ni cha kiwanda. Swichi hii inapitisha ile robo ya ampere tu, haitaungua. Inasaidia shofere kuzima taa za kuongeza na kubakia na plenfare yake ya kawaida wakati vumbi iko nyingi ao wakati wa ukungu, juu kwenye vumbi mwangaza mwingi unarudi kwenye macho yako kama ukuta mweupe.

Fizible. Nitakaa hapa kidogo. Batri ya kamio inaweza kutoa mamia ya ampere kwa dakika moja bila kuombwa ruhusa. Waya wenye kutoka batri mpaka rele unapita karibu na motere, karibu na chuma chenye kutikisika, na barabara zetu munazijua. Siku moja ngozi ya waya inakwanguka, shaba inagusa chasi. Kama fizible iko, inakatika na hamuoni hata moshi. Kama haiko, waya unakuwa mwekundu kama kaa la mbabula, unaunguza waya wenzake, kisha mafuta, kisha magunia. Fizible inapaswa kukaa karibu sana na batri, upana wa mikono miwili, hapana pale karibu na taa; kipande chote kati ya batri na fizible hakina mulinzi. Kwa taa mbili za wati 55 kwenye volti 12, muweke fizible ya ampere 15 na waya wa milimetre za mraba 2,5. Waya wa redio ao wa sauti, wa nusu milimetre, hata ukiwa na rangi nzuri, haufai: unakula karibu volti moja na nusu kwenye metre ine, na taa munayolipia inakuwa hafifu kama ile ya zamani.

Fizible ikikatika, inasema kuko jambo. Musiweke ya 30 pahali pa 15. Musizungushe karatasi ya sigara ao kanyuzi ka shaba. Kwenye koperative moja niliona kamio yenye kabine iliungua upande wa kuume mpaka kwenye kiti, na kati ya majivu fundi alitoa fizible yenye kufungwa na nyuzi tano za shaba. Ilikuwa imesimama kwenye depo, tupu, mbele ya kupakia. Mlinzi alikuwa na mchanga karibu. Feza ya rele, fizible na sokle yake haifike bei ya gunia moja ya mahindi. Ile kabine ilikula mafungu ya wanachama ya mwaka muzima.

Makamio makubwa iko na volti 24, batri mbili zenye kufuatana. Hapa rele inapaswa kuwa ya 24, ampule pia. Rele ya 12 kwenye 24 koili yake inaungua. Na kuko ujanja mubaya wenye umeenea: mutu ananunua taa za volti 12 juu ni bei nafuu, anazifunga kwenye batri moja tu kati ya mbili. Zinawaka vizuri sana. Lakini batri ile inatumika zaidi kuliko mwenzake, alternatere inazijaza pamoja kama vile ziko sawa, moja inakufa na njaa na ingine inachemka. Kisha miezi kidogo munanunua batri mbili mupya. Kwa kamio ya 24, taa mbili za wati 70 zinaomba ampere 6 hivi. Fizible ya 10 inatosha. Na kwenye motoka mupya zenye ordinatere, musikate waya wa kiwanda hata moja bila fundi mwenye kuzijua.

Kupita kwa waya: muzifunge kila upana wa mukono, mbali na bomba ya moshi, na pale zinapita kwenye tundu ya chuma muweke kaucho. Muunganishe kwa kubana na kusude, hapana kusokota na skoche; skoche inaachana na joto ya kiangazi. Kiunganisho cha taa kiangalie chini ili maji ya mvua itoke.

Kisha kufunga, kulenga. Watu wanalenga taa kamio ikiwa tupu kwenye garaji, na hilo ni kosa kwa motoka yenye kazi yake ni kubeba. Ukiweka tone tano nyuma, nyuma inashuka na pua inapanda. Taa yenye ilikuwa inaangalia barabara sasa inaangalia miti. Mulenge siku ya kupakia, magunia ikiwa juu, kwenye uwanja wenye kusawazika, ukuta ukiwa metre 10. Katikati ya mwangaza ya kila taa ipige kwenye ukuta sentimetre 10 chini ya urefu wa taa yenyewe. Zote mbili ziangalie mbele moja kwa moja. Wengine wanapenda kulenga moja kidogo kwa kuume, kwenye pembeni ya barabara, na naona ni vizuri, juu ya wale wa kinga. Kushoto hapana hata kidogo.

Zile barre ndefu za LED zenye kufungwa juu ya kabine, mimi sizipendi. Ziko juu sana, hazina mupaka wa mwangaza, na zinaangaza kapoo ya motoka yenyewe mbele ya barabara. Kwa shamba, kwa kupakia usiku, ni sawa. Kwa barabara, hapana. Wenye moto wasifunge ampule ya wati 55 hata moja: kale kamotere hakatoe umeme wa kutosha, batri itakufa, LED kadogo ka wati 10 ao 15, kenye kulengwa chini, kanatosha.

Shofere ajue pia kwamba taa hizi zinaenda na plenfare, basi zinazimika na plenfare. Ukiona taa ya mwenzako kule mbali, ao kinga, ao mama mwenye kutembea na mutoto, unarudisha kode mapema, mbele ya kumufikia, hapana wakati uko karibu naye. Mwenye kinga akipofuka haendi kushoto wala kuume kwa akili. Anaenda pale gunia linamuvuta, na mara mingi linamuvuta ndani ya barabara.

Juma la kwanza kisha kazi, mangaribi moja muache taa ziwake dakika 20 motere ikizunguka, kisha mutu aguse kwa mukono: sokle ya fizible, rele, waya munene pale unapoingia, kiunganisho cha kila taa. Joto kidogo ni sawa. Kama hauwezi kuacha kidole pale, kiunganisho kile ni kibaya, mukifanye upya mbele ya safari. Na ndani ya kabine, pamoja na karatasi za motoka, muweke fizible tatu za namba ile ile, rele moja ya kubadilisha, na ekstenteri yenye haijapitisha wakati.